Kafungulie Ugenini

Jina lake sitalitaja, maana mwenyewe hapendi kutajwa, na isitoshe hata sisi tuliosoma kwake hatukuwahi kulitumia. Mbele yake tulisema Madam. Akishageuka tulisema Mkufunzi, utadhani chuo kizima cha mifugo kilikuwa na mkufunzi mmoja tu. Wengine walikuwepo, tena wapole, lakini hao sikumbuki hata walivyokuwa wakivaa. Yeye namkumbuka mpaka mkoba.

Mkoba ulikuwa mweusi, wa ngozi, mshipi wake umeshonwa upya kwa uzi wa fundi viatu. Ndani mlikuwa na vitu vitatu visivyotoka: miwani ya akiba, kipimajoto cha ng'ombe, na daftari kubwa la jalada gumu, lile tunaloita kaunta buku. Daftari ndilo lilikuwa mali. Mlikuwa na dozi za kila dawa aliyowahi kumpa mnyama: uzito wa ng'ombe, nguvu ya chupa, mililita ngapi. Pembeni, kwa wino mwekundu, aliandika yale aliyoyaona kwa macho yake: huyu alikuwa na mimba, huyu ametoka kwenye kiangazi kirefu punguza, ng'ombe wa Usangu usimpimie kama wa maziwa wa Iringa. Ukimuuliza dozi alilifungua, akakusomea, akalifunga. Kulishika, hapana. Mimi nimekaa naye miaka na sijawahi kulishika.

Alikuwa na hamu moja tu, na aliitamka waziwazi darasani: yaliyomo kwenye daftari lile yamfikie kila afisa mifugo wa bonde la Usangu kabla miguu yake haijachoka. Kule kuna familia zilizohama na mifugo yao kutoka kaskazini, zimetawanyika mbali na barabara, na mtandao wa simu unapatikana ukipanda juu ya kichuguu. Afisa mmoja anahudumia eneo ambalo pikipiki inamaliza tangi kabla ya kulimaliza. Tulimshauri atoe fotokopi. Akatuangalia kama watu tuliomtukania mama yake. Fotokopi, alisema, haina habari kwamba kiwanda kimebadilisha nguvu ya chupa.

Kwa hiyo akajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Alikuwa ameshapita miaka hamsini, anaandika kwenye kibodi kwa vidole viwili, na kila kosa likitokea alilisoma kwa sauti, taratibu, kama anasomewa hukumu. Akanichukua mimi nimsaidie, mwanafunzi ambaye mkono ulimtetemeka akishika sindano lakini haukutetemeka mbele ya kompyuta. Nilijiona nimepata cheo. Kumbe nilikuwa nimepata mwalimu wa maisha, na mwalimu wa namna hiyo anachosha sana.

Kwanza, maswali yake. Ukimwambia jambo lolote, hata kwamba mvua inakuja, alikuuliza, "Umeangalia, au umekumbuka?" Ukisema umekumbuka alikurudisha. Nilishawahi kurudishwa ghalani mara tatu kwa ajili ya idadi ya mifuko ya pumba, na mara zote tatu ilikuwa ileile. Nilimchukia siku hiyo, nasema kweli. Yeye aliandika idadi, akanishukuru kwa heshima zote, akaendelea na kazi zake.

Na mtu huyu aliyetaka kila kitu kijulikane kilipo, yeye mwenyewe alikuwa anapotea. Alipotea Mbalizi, mji ambao barabara kubwa ni moja. Aliishi pale miaka mingi na bado aliuliza njia ya kwenda kwa fundi wake wa nguo. Akimaliza kipindi alishika mkoba, akaaga, akafungua mlango wa stoo, akaingia. Sisi tulibaki tukisubiri. Baada ya muda alitoka, akasema, "Mnacheka nini, nilikuwa nakagua ndoo," akaenda zake kwa mlango wa kweli. Kwenye kwaya ya kanisani kwao nako alikuwa anapotea, anaanza na sauti ya pili anamalizia na ya nne, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kuhusu mambo ya programu, somo kubwa kuliko yote alinipa kwa mzigo wa basi. Alinituma stendi nimpakilie binti yake wa Iringa mfuko wa mchele. Nikaupakia, basi likaondoka, nikampigia dada yule simu nikiwa na uhakika wote: mzigo uko chini ya kiti, upande wa kushoto, pembeni ya mama aliyevaa kitenge cha njano. Mama mwenye kitenge cha njano alishuka Makambako. Dada wa watu alizunguka ndani ya basi Iringa akitafuta kitenge, mchele ukaenda mpaka mwisho wa safari na kurudi kesho yake.

Mkufunzi alicheka mpaka akavua miwani. "Umemwelekeza mtu kwa kitu kinachoshuka," alisema. "Mwambie basi lipi, na ndani ya basi ni kiti namba ngapi. Basi linaenda na viti vyake popote."

Wiki iliyofuata akalileta basi lile darasani, maana kufikia hapo darasa zima lilikuwa linajifunza naye kuandika programu. Programu yetu ya dozi ilikuwa inafungashwa iwe faili moja, ili afisa aifungue hata kama kwenye kompyuta yake hakuna Python. Ndani yake tulipakia jedwali la dozi, faili linaloitwa dozi.csv. Sasa wanafunzi wengi waliandika tu, fungua dozi.csv. Jina tupu. Python ikiambiwa hivyo inatafuta kwenye folda ambamo programu imefunguliwa, yaani pale aliposimama mtumiaji, na kila mtumiaji anasimama kwake. Hicho ndicho kitenge cha njano. Mkufunzi alitaka programu ijiulize kwanza yenyewe iko wapi, na Python inajua kujijibu, kuna neno lake, `__file__`, kisha ihesabu njia kuanzia hapo mpaka kwenye jedwali lililo tumboni mwake. Ikihamishwa, jedwali linahama nayo. Tukaandika kwenye madaftari. Tukatikisa vichwa kwamba tumeelewa.

Kutikisa vichwa kwetu hakukumridhisha, ndiyo maana alikuwa na ile desturi yake. Programu ikiisha, inafanya kazi vizuri, mwenyewe unataka kwenda kula, alikupa flashi na kusema, "Kafungulie ugenini." Ugenini maana yake ni stationari ya pale Mbalizi barabarani, wanapotoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Kompyuta yao ilikuwa imejaa barua za kuomba kazi, kadi za harusi za watu walioshaachana, na virusi vya kila kabila. Tuliiweka programu juu ya desktopu, tukaifungua. Tukaihamishia kwenye folda ya kadi za harusi, tukaifungua. Tukaifungua ikiwa ndani ya flashi. Dada wa stationari alituzoea mpaka akituona mlangoni anauliza, "Leo mmeleta mgonjwa gani?"

Nusu ya wagonjwa walifia pale. Faili halikupatikana, kioo kiliandika, na mwenye programu alitaka ardhi immeze. Mkufunzi peke yake ndiye aliyefurahi. "Afadhali imefia hapa," alikuwa anasema. "Hapa hakuna ng'ombe."

Nimeeleza yote haya kirefu ili ieleweke kwamba nilifundishwa. Sina kisingizio.

Yeye alistaafu, mimi nikapangiwa Usangu. Programu yetu ilikuwa imeshafika kwenye ofisi chache za kata na alikuwa na furaha ya mtu anayemuona mwanawe anatembea. Mwaka mmoja dawa ya ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe, ikaja kwenye chupa mpya, yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani. Mkufunzi akanipigia, akanisomea dozi mpya kutoka kwenye daftari, akanifanya nizirudie. Nikabadilisha jedwali, nikafungasha programu upya. Mvua zilikuwa zinataka kukata barabara na nilitaka kuwahi. Niliifungua kwenye laptopu yangu, kwenye folda ileile niliyoiandikia, ikasoma dozi mpya sawasawa. Stationari ya karibu ilikuwa mbali. Nikajiambia, leo tu.

Kulikuwa na mstari mmoja ndani ya programu, niliouandika kwa haraka siku nilipokuwa najaribu kitu, nikasahau kuurekebisha. Mstari huo ulifungua dozi.csv kwa jina tupu.

Kwenye kompyuta ya kata niliiweka programu katika folda ambamo tangu mwanzo tulikuwa tunaweka mambo ya dozi. Humo lilikuwemo jedwali la zamani, limesahaulika, nalo linaitwa dozi.csv. Laiti lisingekuwepo, programu ingekwama na mimi ningetukana na kurekebisha. Lakini ililiona, ikalisoma, ikanyamaza. Jedwali jipya lilikuwa tumboni mwake, halijaguswa.

Siku hiyo nilitibu ndama watatu wa Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma ambaye boma lake lilikuwa la kwanza kunikaribisha nilipofika kule. Nilikuwa nimeandika dozi zao ofisini, kutoka kwenye kioo. Nikavuta, nikachoma, mkono haukutetemeka hata kidogo. Haikupita saa, ndama wakaanza kutoa udenda na kujipiga tumbo kwa miguu. Nikapanda kichuguu nikampigia Mkufunzi.

"Umeangalia, au umekumbuka?" akaniuliza.

"Nimeangalia, Madam. Kompyuta imesema."

Nikasikia zipu ya mkoba. Nikasikia kurasa. Akanisomea mililita, na zangu zilikuwa mara mbili yake. Hakupoteza muda kunigombeza, akanielekeza dawa ya kuwatuliza, ambayo kwa bahati ilikuwemo kwenye boksi langu. Wawili wakapona. Mdogo kuliko wote akafa alasiri ile, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mke wa Masanja.

Mzee Masanja hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema tu, "Binti, hiyo mashine yako isiseme tena habari za ng'ombe wangu. Nipe namba ya mayu mwenye daftari." Mayu ni mama kwao, na simu yetu ya kichuguuni aliisikia yote. Nikampa namba.

Habari kama hiyo haihitaji mtandao. Katika mwezi mmoja maboma yote ya upande ule yalikuwa yanampigia Mkufunzi moja kwa moja. Alipigiwa akiwa sokoni, akiwa kanisani, akiwa na mswaki mdomoni, na kila mara zipu ilifunguliwa na daftari likatoka. Alitaka daftari liwaendee watu, na sasa watu wote walikuwa wanalijia daftari, nalo lilikuwa moja, kwenye mkoba mmoja, wa mtu mmoja ambaye magoti yalishaanza kumsumbua. Hilo ndilo nililomfanyia.

Nilikwenda Mbalizi kumwambia kwamba naacha mambo ya programu. Nilikuwa nimeandaa na maneno. Hakuyasikiliza.

"Pole tumeshapeana kwenye simu," alisema. "Sasa nionyeshe ilisoma faili lipi."

Tukaenda stationari. Nilikuwa nimenakili folda nzima ya kata kwenye flashi, tukaifungulia pale, ikafanya kosa lilelile mbele ya macho yetu na ya dada wa fotokopi. Mkufunzi aliusoma ule mstari wangu kwa sauti, taratibu. Halafu akasogeza kiti akanipa kibodi. Nikaurekebisha pale pale huku nalia, na watu wanasubiri picha za pasipoti. Tukaongeza mambo mawili ambayo ni yake. Kama programu haioni jedwali lililo ndani yake, isimame, iseme imetafuta wapi, isitoe dozi yoyote. Na kila dozi inapotokea, chini yake iandike imetoka kwenye jedwali gani na la mwezi gani. Mtu akikupa namba, alisema, akuambie na alikoitoa.

Kisha tukaenda wote Usangu, yeye na magoti yake, na akakaa kwenye kigoda bomani kwa Masanja akamwambia kosa lilikuwa letu, si la dawa wala la ndama. Masanja alimsikiliza, akatukaribisha maziwa. Namba ya simu hakuifuta.

Kuna kitu kimoja kilinikera kwa miaka miwili iliyofuata, nacho ndicho kinanifanya nimpende kwa shida. Alikuwa akiisifu programu kwa kila mtu. Aliisifu mbele ya maofisa, mbele ya mchungaji, mbele ya muuza viazi. Lakini mtu akimsomea dozi kutoka kwenye programu, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye zipu. Alilinganisha na daftari, kila mara, hata dozi ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Nilimwambia, "Madam, sasa si uamini?" Akasema anaamini. Huku anafungua kurasa.

Mara ya mwisho nimemwona Julai iliyopita, Kihesa, kwa yule binti yake wa mchele. Ilikuwa baridi ya Iringa isiyo na utani. Alikuwa amevaa sweta mbili na kujifunga shuka kiunoni, mkoba uko mapajani.

"Kamwene," nilimwamkia kwa Kihehe changu cha kuokota.

"Kamwene. Umeipeleka wapi?" Hakuuliza hata habari za safari.

Nikamwambia nimeifungulia Chimala, Rujewa, mpaka Makongolosi kwenye stationari ya wachimba dhahabu, ambako vumbi limeziba herufi za kibodi.

"Hapa Kihesa hujaifungulia."

Chai ilikuwa imeshamiminwa. Tukaiacha. Tukaenda ofisi ya kanisa jirani, kwenye kompyuta ambayo kwaya inaandikia nyimbo. Nikaiweka programu kwenye folda ya nyimbo. Mkufunzi akaniomba nimfungulie dirisha, kuna joto, alisema, na mimi kama mjinga nikaenda kufungua dirisha kwenye baridi ile. Niliporudi alikuwa anachomoa flashi yake. Nikaiendesha programu, nikaandika uzito, ikatoa dozi na chini yake jina la jedwali, la mwezi ule. Akaguna. Nikatazama kwenye folda: pembeni ya programu kulikuwa na dozi.csv ambalo sikuliweka mimi. Nikalifungua. Kila dawa, kila uzito, ameandika tisini na tisa.

"Haikudanganyika," alisema, na sauti yake ilikuwa na masikitiko kidogo.

Hapo simu yake ikaita. Akaweka sauti kubwa, maana masikio nayo yanaanza.

"Mayu," ilisema sauti ya Mzee Masanja. "Nina mtamba hapa. Ndigana baridi, afisa wetu wa sasa amempima juzi akaniachia chupa, leo yuko msibani na simu haipatikani."

"Chupa imeandikwaje? Niangalizie, usikumbuke."

Akasoma nguvu ya chupa, tarakimu moja moja. Akasoma na urefu wa kamba aliyompimia mtamba kifuani, ndio unaokisiwa uzito. Mkono wa Mkufunzi ulikuwa umeshafika kwenye zipu. Nikakigeuzia kioo uso, nisimwone. Lakini zipu haikulia. Nikageuka. Mkono ulikuwa pale pale juu ya mkoba, umetulia.

"Soma," aliniambia.

Nikaandika kipimo cha kamba, nikaandika nguvu ya chupa, nikasoma mililita. Nikasoma na jedwali zilikotoka. Akamrudishia Masanja namba ileile, kama nilivyoitamka.

"Umesoma kwenye daftari?" Masanja akauliza.

"Hapana. Amesoma binti yangu, kwenye ile mashine."

Nikasikia ng'ombe wakilia kwa mbali, na upepo.

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Nikamwamkia. Akaitikia. "Umeangalia," akauliza, "au umekumbuka?"

"Nimeangalia, baba."

"Na chupa?"

"Nimeandika ulivyonisomea wewe."

"Haya," akasema. "Nachoma."

Mtamba alipona, nalisema mapema mtu asinisumbue. Masanja mwenyewe alinipigia baada ya siku tatu, mimi, si Mkufunzi.

Siku ile pale ofisini Mkufunzi alikata simu, akafuta vioo vya miwani kwa ncha ya shuka, muda mrefu kuliko vilivyohitaji. Kisha akaniwekea mkoba mikononi, mzito, na daftari ndani. "Nibebee," alisema, "magoti yananiuma." Akainuka, akafungua mlango, akaingia stoo. Nilimsubiri atoke, nimekumbatia mkoba kifuani, halafu nikamwonyesha mlango wa nje.